Kufunga Choo kwa Mtazamo wa Tiba ya Asili ya Kichina: Mwongozo Kamili wa Kutambua Aina Yako Kabla ya Kunywa Dawa

Watu wengi wanaotafuta nafuu ya kufunga choo katika tiba ya Kichina hukwama mahali pamoja: huanza na dawa. Hununua pakiti ya chai ya kusafisha tumbo, huharisha siku mbili, kisha choo hufunga tena kikiwa kigumu kuliko mwanzo. Tiba ya Kichina yenyewe haianzi hivyo. Huuliza kwanza ni kufunga choo kwa aina gani, kwa sababu dawa inayomfungua mtu mwenye joto jingi tumboni ndiyo inayomdhoofisha mtu ambaye utumbo wake umechoka.

Mwongozo huu unakufikisha kwenye jibu la swali hilo kwanza, kisha unakuonyesha la kufanya nyumbani na mahali pa kusimama. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima asiye mjamzito. Mtoto na mama mjamzito waonwe na mtaalamu tangu mwanzo.

## Vitu vya kuandaa

Andaa daftari dogo na kalamu, kioo kilicho karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, kigoda kifupi cha kuwekea miguu chooni, chupa ya chai yenye maji ya moto, na mafuta kidogo ya nazi au ya ufuta kwa kukanda tumbo. Vyakula utavinunua baada ya hatua ya nne, kwa kuwa kabla ya hapo hujui unachohitaji.

Kusanya pia pakiti na chupa za dawa zote unazotumia sasa, za hospitali na za miti shamba.

## Hatua ya 1: Hakikisha si ugonjwa unaohitaji hospitali

Usiendelee na hatua nyingine yoyote kabla ya kupita hapa. Nenda hospitali leo ikiwa tumbo limevimba, lina maumivu makali, unatapika, na huwezi kutoa choo wala hewa. Hiyo inaweza kuwa dalili ya utumbo kuziba, na dawa ya kuharisha inaweza kukuua. Nenda pia mapema, bila kungoja tiba ya nyumbani, ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, ukiwa na upungufu wa damu usioelezeka, au ikiwa umevuka umri wa miaka 45 na mwenendo wa choo umebadilika ghafla.

Kisha soma majina ya dawa ulizokusanya. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, dawa za maumivu kama kodeini, tramadoli na mofini, dawa ya shinikizo la damu iitwayo verapamili, amitriptilini, na baadhi ya dawa za kutuliza asidi tumboni zote hufunga choo. Ikiwa tatizo lilianza baada ya kupewa mojawapo, zungumza na daktari aliyekuandikia. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwamba huna dalili yoyote ya hatari na kwamba unajua kama dawa zako zinahusika.

## Hatua ya 2: Andika mwenendo wa choo kwa siku 14

Kila siku andika saa uliyokwenda chooni, umbo la choo, nguvu uliyotumia, na jinsi ulivyojisikia baadaye. Kwa umbo, tumia mizani ya Bristol, ambayo hospitali nyingi duniani huitumia: namba 1 ni vipande vigumu vilivyotengana kama mavi ya mbuzi, namba 2 ni gogo lenye mabonge, namba 3 na 4 ni choo cha kawaida, na kuanzia 5 hadi 7 ni laini hadi majimaji.

Sehemu ambayo wengi huiruka ndiyo yenye thamani kubwa kwa tiba ya Kichina, nayo ni hali yako baada ya kutoka chooni. Je, ulipata nafuu na wepesi? Je, ulihisi kwamba kingine kimebaki? Au ulitoka ukitweta, jasho likikutoka, ukatamani kulala? Mtu anayepata nafuu ana kitu kilichozidi ambacho kimetoka. Mtu anayechoka ana nguvu chache ambazo amezimaliza kwa kusukuma.

Usinywe dawa yoyote ya kuharisha katika siku hizi, isipokuwa daktari amekuagiza, kwa sababu itafuta picha unayojaribu kuisoma. Ukifika siku ya nne bila choo kabisa na tumbo linakusumbua, acha zoezi hili uende kwenye kituo cha afya.

Fahamu pia kwamba kukosa choo kila siku si ugonjwa. Kinachohesabika ni kupata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au kusukuma kwa nguvu, kwa choo kigumu, mara nyingi unapokwenda.

## Hatua ya 3: Tazama ulimi na usikilize tumbo

Tazama ulimi asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, kunywa chai au kula chochote. Simama mbele ya kioo karibu na dirisha. Taa ya umeme ya rangi ya njano itakudanganya. Toa ulimi bila kuukaza, kwa sekunde zisizozidi 15, kwa kuwa ukikaa nao nje hubadilika rangi. Ukihitaji zaidi, urudishe, pumzika, kisha utoe tena.

Tafuta mambo manne: rangi ya nyama ya ulimi, rangi na unene wa utando ulio juu yake, unyevu, na umbo. Kingo zenye alama za meno, kama ukingo wa sambusa uliobanwa kwa vidole, huonyesha kwa wataalamu wa tiba hii kwamba usagaji wa chakula ni dhaifu. Mipasuko katikati ya ulimi usio na utando huonyesha ukavu. Rudia kwa asubuhi kadhaa, maana ulimi wa siku moja hautoshi; aliyekula embe bivu au mchuzi wa bizari usiku anaweza kuamka na utando wa njano usio wa ugonjwa.

Baadaye lala chali, kunja magoti, weka kiganja juu ya tumbo na ubonyeze taratibu. Maumivu yakizidi, hiyo ni alama ya kitu kilichozidi; yakipungua na ukatamani mkono ubaki hapo, ni alama ya upungufu. Linganisha joto la kiganja na joto la tumbo chini ya kitovu. Andika pia kama unatamani maji baridi au ya moto, rangi ya mkojo, na kama miguu hupoa usiku.

## Hatua ya 4: Tambua aina yako

Hapa ndipo kiini cha mwongozo huu kilipo, kwa hiyo soma aina zote kabla ya kuchagua. Katika tiba ya Kichina, utumbo mpana haufanyi kazi peke yake. Huendeshwa na chi, yaani nguvu inayosukuma mambo mwilini, hulainishwa na damu na majimaji, na hupewa joto la kufanyia kazi na figo. Choo hufunga mojawapo ya hayo linapoharibika. Maneno haya ni lugha ya mfumo wa tiba, si majina ya vitu vinavyopimwa maabara, na viungo vinavyotajwa humaanisha kazi zake katika mfumo huo.

Joto. Choo ni kikavu, kigumu, chenye harufu kali, na huenda kikaunguza wakati wa kutoka. Mkojo ni mchache na wa njano iliyokolea, kinywa hunuka, kiu ya maji baridi haiishi, tumbo huuma likibonyezwa. Ulimi ni mwekundu wenye utando wa njano mkavu. Huwapata sana wanaokula nyama choma, vyakula vya kukaanga na pilipili kwa wingi, wanywaji wa pombe kali, na watu wanaotoka kwenye homa. Hii ndiyo aina ambayo dawa kali za kufungua tumbo zilitungiwa.

Chi iliyokwama. Haja huja lakini choo hakitoki chote. Tumbo hujaa hewa, mbavu hukaza, mtu hucheua mara kwa mara, na hali huzidi wakati wa wasiwasi, hasira au kukaa kitako siku nzima. Choo huweza kuwa vipande vidogo leo na cha kawaida kesho. Ulimi mara nyingi hauna kasoro kubwa, isipokuwa kingo nyekundu kidogo. Kiungo kinacholaumiwa hapa ni ini, ambalo katika mfumo huu ndilo linalosimamia mtiririko wa chi. Madereva, makarani na watu walio katika msiba watajitambua hapa.

Upungufu wa chi. Aina hii hukosewa kuliko zote, kwa kuwa choo chenyewe huenda si kigumu. Mtu anayo haja, choo ni laini kiasi, lakini nguvu ya kukisukuma haipo; hutoka chooni akitweta na jasho likimtoka. Uso umepauka, sauti iko chini, uchovu huzidi baada ya kula. Ulimi umepauka na una alama za meno. Wanaohusika katika maelezo ya Kichina ni wengu, ambao hutengeneza chi kutokana na chakula, na mapafu, ambayo ni jozi ya utumbo mpana na huishusha chi hiyo chini. Mtu wa namna hii akinywa majani ya kuharisha kila wiki, hupoteza kidogo alichobakiza, na ndiyo sababu kipimo kilichomtosha mwaka jana hakimtoshi leo.

Upungufu wa damu na majimaji. Utumbo umekauka. Choo ni kama mavi ya mbuzi, ngozi ni kavu, midomo imepauka, kuna kizunguzungu na mapigo ya moyo ya ghafla. Ikiwa kinachopungua zaidi ni yin, yaani upande wa unyevu na ubaridi, mtu huona joto viganjani na kutokwa jasho usiku, na ulimi huwa mwekundu usio na utando. Wazee wako hapa, na vilevile mama aliyejifungua karibuni. Kwa mantiki hii, mzazi mwenye choo kikavu anayeendelea kupewa uji wenye pilipili manga nyingi anaongezewa ukavu. Apunguziwe pilipili, aongezewe majimaji.

Upungufu wa yang, yaani baridi ya ndani. Choo hutoka kwa shida, kikiwa kikavu au la. Mikono na miguu ni ya baridi, tumbo hupenda kitu cha moto, mkojo ni mwingi na mweupe, kiuno huuma. Ulimi umepauka, umevimba na una majimaji.

Wengi watajiona katika aina mbili. Hilo ni la kawaida. Chagua ile yenye dalili nyingi zaidi kwenye daftari lako, na ukishindwa kabisa kuamua, tumia hatua ya 6 na ya 7 tu, ambazo zinamfaa karibu kila mtu.

Onyo. Dalili hizi zina tafsiri ya hospitali pia, na usiiache. Aliyepauka na mwenye kizunguzungu apime wingi wa damu. Mwenye kiu isiyoisha na mkojo mwingi apime sukari. Anayesikia baridi, anayenenepa na kuchoka apimwe homoni za tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikilegea, kufunga choo ni mojawapo ya dalili zake.

## Hatua ya 5: Badilisha chakula kulingana na aina

Mwenye joto aache pilipili, pombe na vya kukaanga kwa wiki mbili, ale choroko, mboga za majani, matango, peasi na ndizi mbivu. Ndizi iwe imeiva kweli, yenye madoa; mbichi hukaza.

Mwenye chi iliyokwama anahitaji mwendo kuliko chakula: atembee kwa haraka dakika 30 kila siku, ale kwa saa maalumu bila simu mkononi, na ajaribu maji ya maganda ya chungwa au chenza yaliyooshwa vizuri na kukaushwa, ambayo wataalamu wa Kichina huyatumia kusogeza chi.

Mwenye upungufu wa chi ale chakula kilichopikwa na cha moto: uji wa mchele uliochemshwa hadi kulainika kabisa, viazi vitamu, boga. Apunguze kachumbari, maji ya friji na juisi zenye barafu. Asijilazimishe pumba kwa wingi, kwa sababu mzigo mkubwa wa nyuzinyuzi bila maji ya kutosha hujaza utumbo ambao hauna nguvu ya kuusukuma.

Kwa ukavu, chakula cha kwanza ni ufuta. Kaanga kijiko kimoja cha chakula bila mafuta, kwa moto mdogo, hadi unukie, kisha uutwange na kuuchanganya kwenye uji wa asubuhi. Ufuta mweusi ndio unaotajwa zaidi katika tiba ya Kichina, lakini mweupe unaolimwa Lindi na Mtwara nao una mafuta ya kulainisha. Asali kijiko kimoja katika maji ya uvuguvugu hutumika vilevile, isipokuwa kwa mwenye kisukari. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Spinachi na mchicha vinafaa. Chai ya rangi iliyokolea ipunguzwe.

Mwenye baridi ya ndani atumie tangawizi na mdalasini kwa kiasi, pamoja na jozi zile zinazofanana na ubongo zikikatwa, ambazo kwa Wachina hupasha figo joto na kulainisha utumbo. Mwenye joto asiige orodha hii.

## Hatua ya 6: Kanda tumbo na bonyeza pointi

Fanya hivi saa mbili baada ya kula, au asubuhi kabla ya kunywa kitu. Asikande mwenye mimba, henia, mshono mpya, au maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo.

Lala chali, paka mafuta, anza chini upande wa kulia wa tumbo. Panda taratibu hadi chini ya mbavu, vuka kwenda kushoto, kisha shuka. Huo ndio mwelekeo wa utumbo mpana wenyewe, na ndiyo sababu kukanda kinyume hakusaidii. Endelea dakika tano.

Kisha tafuta pointi tatu. Kipimo ni mwili wako: upana wa dole gumba kwenye kifundo chake ni cun moja, na nyanda nne za vidole vilivyobanwa pamoja ni cun tatu.

Tianshu iko cun mbili kila upande wa kitovu. Ibonyeze pande zote mbili unapotoa pumzi.

Zhigou iko upande wa nje wa mkono, cun tatu juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kati ya mifupa miwili. Hii ndiyo hutumika sana kwa kufunga choo, hasa kwa chi iliyokwama.

Zusanli huhitaji subira kuipata. Kunja goti, gusa shimo dogo lililo chini ya kifuniko cha goti kwa upande wa nje, shuka nyanda nne, kisha sogea upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Ukiwa mahali pake, kubonyeza huleta uzito na ganzi kidogo inayoshuka kuelekea mguuni. Ukihisi mfupa tu, umekosea. Sogea nje kidogo. Hii ni ya kuimarisha, na inamfaa zaidi mwenye upungufu wa chi.

Bonyeza kila pointi kwa dakika moja hadi mbili, mara moja kwa siku.

Sindano zenyewe ni kazi ya mtaalamu aliyesajiliwa, anayetumia sindano mpya za kutupwa. Utafiti uliofanyika katika hospitali 15 za China na kuchapishwa mwaka 2016, ukiwa na wagonjwa 1,075 wenye tatizo sugu, uliwapa matibabu 28 ya sindano zenye umeme mdogo kwa wiki nane. Waliofikia wastani wa angalau choo kamili tatu kwa wiki walikuwa asilimia 31.3, dhidi ya asilimia 12.1 ya waliopewa sindano za kuigiza. Kwa hiyo kuna manufaa, lakini wengi hawakufikia kiwango hicho, na anayekuahidi kupona kwa sindano moja hasemi kweli.

## Hatua ya 7: Upe utumbo saa yake

Katika saa ya viungo ya tiba ya Kichina, utumbo mpana una zamu yake kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi. Fiziolojia ya kawaida inakubaliana kwa sehemu: utumbo huchangamka baada ya kuamka na baada ya kula. Kunywa glasi ya maji ya uvuguvugu ukiamka, kula kitu, kisha kaa chooni hata kama haja haijaja, kwa dakika zisizozidi kumi.

Ukitumia choo cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga. Njia ya choo hunyooka. Usisukume kwa kushika pumzi. Haja ikija wakati mwingine wa siku, usiizuie kwa sababu ya foleni au kikao, kwani kuizuia mara kwa mara huifanya inyamaze.

## Hatua ya 8: Dawa, na jinsi ya kusoma pakiti

Fika hapa ikiwa wiki nne za hatua zilizotangulia hazijatosha. Kwanza geuza pakiti na usome viambato. Ukiona Fan Xie Ye au Folium Sennae, hayo ni majani ya sanamaki, hata kama upande wa mbele umeandikwa chai ya kupunguza unene. Ukiona Da Huang au Rhei, hiyo ni mizizi ya mmea wa rubabu. Lu Hui ni shubiri. Zote tatu huchokoza utumbo ujikunje. Zinatumika kwa siku chache, si kwa miezi, kwa kuwa matumizi ya muda mrefu huweza kushusha potasiamu mwilini, jambo la hatari hasa kwa anayetumia digoksini, ambayo ni dawa ya moyo, au dawa za kupunguza maji mwilini. Pakiti isiyoorodhesha viambato usiinywe hata kidogo. Nchini Ubelgiji katika miaka ya 1990 wanawake wengi waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza unene vilivyochanganywa na mmea wenye asidi ya aristolokia.

Kwa kila aina kuna mchanganyiko unaojulikana, na majina haya yatakusaidia kuzungumza na mtaalamu. Ma Zi Ren Wan ni wa joto lenye ukavu. Ndani yake mna rubabu, hivyo si wa mjamzito. Da Cheng Qi Tang ni mkali mno na haupaswi kutumiwa nyumbani. Bu Zhong Yi Qi Tang hutolewa kwa upungufu wa chi, lakini una susi, yaani mzizi mtamu wa dawa, ambayo hupandisha shinikizo la damu kwa baadhi ya watu. Run Chang Wan ni wa upungufu wa damu, Zeng Ye Tang wa upungufu wa yin. Ji Chuan Jian ni wa baridi ya ndani. Michanganyiko yenye Dang Gui haifai kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu huongeza uwezekano wa kutokwa damu.

Muulize mtaalamu maswali matatu: ameona aina gani na kwa dalili zipi, ndani ya dawa mna nini, na utaitumia hadi lini. Asiyetazama ulimi wala kushika mapigo yako, bali akakuuzia pakiti ileile aliyomuuzia jirani, hajafanya tiba ya Kichina.

## Kupima matokeo

Baada ya wiki nne, weka kurasa za mwanzo na za mwisho za daftari pamoja. Mafanikio ni choo cha namba 3 au 4, angalau mara tatu kwa wiki, bila kusukuma sana, na mwili usiochoka baadaye. Ulimi hubadilika polepole kuliko choo, hivyo usikate tamaa ukiuona uleule.

Ikiwa choo kimelainika lakini uchovu umeongezeka, huenda umejitibu kama mwenye joto ilhali una upungufu. Rudi hatua ya 4. Ikiwa ulikuwa umezoea sanamaki kila siku, usiache kwa mkupuo: punguza kipimo kidogo kila wiki huku ukiendelea na chakula na kukanda. Na ikiwa wiki nane zimepita, umetumia dawa kwa usimamizi wa mtaalamu, na daftari halionyeshi tofauti yoyote, lipeleke lilivyo kwa daktari wa magonjwa ya tumbo, ambaye anaweza kupima kama misuli ya njia ya choo inalegea inavyopaswa unaposukuma, kasoro ambayo hurekebishwa kwa mazoezi maalumu.